George Eastman na Kamera ya Watu Wote

Katika masomo yaliyopita tumejifunza kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka, na kwamba lenzi huupinda mwanga huo na kuukusanya. Sasa tutasoma habari za mtu aliyetumia maarifa hayo, pamoja na elimu ya kemia, kutengeneza kamera ambayo hata mtoto wa umri wako aliweza kuitumia.

Bila shaka umepata kupigwa picha, labda siku ya arusi au ya sikukuu. Mpiga picha alikuelekezea kamera, akabonyeza, kazi ikaisha. Miaka 150 iliyopita kazi hiyo haikuwa nyepesi hivyo. Ilihitaji mtu mwenye nguvu, fedha na subira.

George Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai, 1854, katika kijiji cha Waterville, jimbo la New York, nchini Marekani. Baadaye jamaa yake ilihamia mji wa Rochester, ambako baba yake alikuwa na chuo cha biashara. Baba alifariki George akiwa na umri wa miaka 7. Mama yake, Maria, akabaki na watoto watatu, na mmoja wao alikuwa mlemavu kwa ugonjwa wa polio. Ili kupata riziki, mama huyo alipangisha vyumba vya nyumba yao na kuwapikia wapangaji. George alipofikia umri wa miaka 14 aliacha shule, akaajiriwa kuwa tarishi katika ofisi ya bima kwa mshahara wa dola 3 kwa juma. Ukumbuke mshahara huo, maana tutaurudia. Mwaka 1874 alipata kazi iliyo bora zaidi, ya ukarani katika benki ya akiba ya mji ule.

Miaka mitatu baadaye alikusudia kusafiri hadi Santo Domingo, katika visiwa vya Karibi. Mwenzake wa kazini alimshauri achukue kamera ili arudi na picha za huko. Safari ile haikufanyika kamwe, lakini kamera alikwisha kuinunua.

Hebu tutazame jinsi picha ilivyopigwa siku hizo. Kamera ilikuwa kasha kubwa lililosimama juu ya miguu mitatu. Ndani yake hapakuwa na filamu, bali bamba la kioo. Mpiga picha alipaka kioo hicho dawa yenye kunata, akakitumbukiza katika maji yenye chumvi ya madini ya fedha, akakitia ndani ya kamera kikiwa bado majimaji. Baada ya kupiga picha alilazimika kukisafisha kwa dawa nyingine kabla hakijakauka. Kwa kuwa kazi hiyo yote ilifanywa gizani, aliyetaka kupiga picha nje ya mji alichukua hema, chupa za dawa, beseni, vioo na mtungi wa maji. Eastman alilipa fundi dola 5 ili amfundishe. Alijifunza upesi, lakini mzigo ule haukumpendeza hata kidogo, naye akaanza kujiuliza kama kweli ilikuwa lazima mtu abebe vyote hivyo kwa ajili ya picha moja.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewe kwa nini chumvi ya fedha inahitajiwa. Chukua kasha la kadibodi lisilopenyeza mwanga. Toboa tundu dogo kwa sindano upande mmoja. Upande unaolikabili tundu kata dirisha, kisha ulifunike kwa karatasi iliyopakwa mafuta. Jifunike kitambaa cheusi pamoja na upande huo wa karatasi, na ulielekeze tundu kwenye mti ulioangazwa na jua. Utauona mti ule juu ya karatasi, mdogo na kichwa chini. Sasa ondoka mahali pale: mti nao utatoweka. Kasha lako linaonyesha taswira, lakini haliwezi kuihifadhi. Chumvi za madini ya fedha ndizo zinazoihifadhi, kwa sababu hubadilika zinapopigwa na mwanga. Zikitiwa katika dawa ya kusafishia, sehemu zilizopata mwanga mwingi hugeuka kuwa chembe nyeusi za fedha, na sehemu zilizokuwa gizani hubaki nyeupe. Kwa hiyo uso wa mtu mweupe huonekana mweusi, na kanzu nyeupe huwa nyeusi tititi. Picha hiyo ya kinyume huitwa negativu. Mwanga ukipitishwa ndani ya negativu na kuangukia karatasi yenye chumvi hizo hizo, mambo hugeuka tena, na picha ya kweli hupatikana.

Mwaka 1871 daktari mmoja Mwingereza, Richard Maddox, alikuwa amependekeza chumvi ya fedha ichanganywe na jelatini, yaani gundi safi ipatikanayo kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Bamba lililopakwa mchanganyiko huo hufanya kazi hata likiwa kavu. Eastman alisoma habari za mabamba hayo katika gazeti la wapiga picha la Uingereza, akaamua kuyatengeneza mwenyewe. Mchana alikuwa benki. Usiku alichemsha na kukoroga dawa katika jiko la mama yake, na mara nyingine mama alimkuta asubuhi amelala sakafuni, nguo zake za kazi zikiwa mwilini. Kupaka mabamba kwa mkono kulichukua muda mrefu, nao upakaji haukuwa sawasawa. Kwa hiyo alibuni mashine ya kuyapaka, akapata hataza yake London mwaka 1879. Mwaka uliofuata alipanga chumba mjini Rochester akaanza kuuza mabamba makavu. Mtaji mwingi ulitoka kwa Henry Strong, mtengenezaji wa viboko vya magari ya farasi, ambaye zamani alikuwa mpangaji katika nyumba ya mama yake. Mwaka 1881 Eastman aliacha kazi ya benki.

Mwaka 1882 palitokea jambo ambalo lingeweza kumfilisi. Wapiga picha walianza kulalamika kwamba mabamba yake hayapokei tena mwanga. Eastman aliyapima akaona kuwa wanasema kweli. Angeweza kunyamaza na kuuza yaliyobaki. Badala yake aliwapa wateja mabamba mengine bila malipo, akasimamisha kazi ya kiwanda, akafanya majaribio mamia bila kupata jibu. Mwishowe alisafiri na Strong hadi Uingereza, wakajifunza kanuni nyingine ya kutengenezea. Ndipo ilipodhihirika kwamba kosa lilikuwa katika jelatini waliyouziwa. Tangu hapo hakukubali dawa yoyote iingie kiwandani bila kupimwa kwanza.

Kwa nini jelatini moja ifae na nyingine isifae? Jibu lilichelewa sana. Katika miaka ya 1920 mkemia wa maabara ya Eastman, Samuel Sheppard, aligundua kwamba jelatini nzuri ina kiasi kidogo mno cha salfa, na salfa hiyo hutokana na mimea jamii ya haradali ambayo ng'ombe walikuwa wameila malishoni. Nani angedhani kuwa ubora wa picha ungetegemea chakula cha ng'ombe?

Mabamba makavu yaliondoa hema na mtungi wa maji. Lakini kioo kilikuwa bado kizito, tena chepesi kuvunjika. Eastman akapaka dawa yake juu ya karatasi ndefu iliyoweza kuviringishwa kama uzi katika kibonge. Mwaka 1888 alitoa kamera ndogo iliyobeba karatasi hiyo, akaiita Kodak. Neno hilo halikuwa na maana katika lugha yoyote. Alilibuni mwenyewe, kwa kuwa aliipenda herufi K.

Kodak ilishikwa mkononi. Mtu alivuta uzi, akabonyeza kitufe, akazungusha ufunguo ili karatasi isogee. Lenzi haikuhitaji kurekebishwa, kwa kuwa ilitengenezwa ili vitu vyote visivyo karibu mno vionekane vizuri. Iliuzwa ikiwa na nafasi ya picha 100. Zilipokwisha, mwenyewe aliipeleka kamera nzima Rochester kwa posta pamoja na dola 10. Huko picha zilisafishwa, naye akarudishiwa picha zake na kamera iliyotiwa karatasi mpya. Kazi ngumu haikutoweka, bali ilihamishwa kutoka mikononi mwa mpiga picha ikapelekwa kiwandani. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo kubwa la Eastman, kubwa kuliko mashine yoyote aliyoibuni.

Mwaka 1889 karatasi ilianza kuachwa, ikatumika filamu ya seluloidi inayopenya mwanga, ambayo mkemia wake Henry Reichenbach alikuwa ameitengeneza. Hapa inafaa tuseme ukweli wote. Kasisi mmoja, Hannibal Goodwin, alikuwa ameomba hataza ya filamu ya namna hiyo tangu mwaka 1887, akaipata mwaka 1898, akafariki mwaka 1900 kabla ya kufaidi. Kampuni iliyorithi haki zake iliishtaki kampuni ya Eastman na kushinda, na mwaka 1914 ililipwa dola milioni 5.

Sasa turudie ule mshahara wa dola 3. Kodak ya kwanza iliuzwa dola 25. Tarishi kama George angefanya kazi zaidi ya majuma 8, bila kula, ili ainunue. Lakini mwaka 1900 kampuni ilitoa kamera nyingine, jina lake Brownie, kasha la kadibodi lenye lenzi sahili. Bei yake ilikuwa dola 1, na filamu ya picha 6 iliuzwa senti 15. Tarishi yule angeipata kwa ujira wa siku 2. Kamera zaidi ya 100,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza, nyingi kwa ajili ya watoto. Watu ambao hawakupata kuingia studio wakaanza kupiga picha za bibi zao, mbwa wao na michezo yao.

Eastman hakuoa. Mama yake aliishi naye hadi alipofariki mwaka 1907. Mali yake nyingi aliigawa kwa vyuo, hospitali na zahanati za meno za watoto. Mwaka 1926, akiwa amepita umri wa miaka 70, alifika Kenya kutazama na kuwinda wanyama, na miaka miwili baadaye alipita Uganda na kushuka mto Nile hadi Sudani. Alichukua bunduki, kama wageni wengi matajiri wa wakati ule, lakini pia alichukua kamera ya sinema iliyotoka katika kiwanda chake mwenyewe. Baada ya kuugua uti wa mgongo kwa muda mrefu, alifariki Rochester tarehe 14 Machi, 1932.

Mwaka 1975, katika kampuni hiyo hiyo, mhandisi Steven Sasson aliunda kamera isiyotumia filamu. Nafasi ya chumvi za fedha ilichukuliwa na kipande kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Kipande cha jinsi hiyo kimo katika simu zinazopiga picha leo, nyuma ya lenzi ndogo kuliko punje ya mahindi.

Maswali

1. Kwa nini mpiga picha wa mwaka 1877 alilazimika kubeba hema?
2. Eleza jinsi negativu inavyopatikana.
3. Katika kasha ulilotengeneza, mti ulionekana kichwa chini. Chora mistari ya mwanga kuonyesha sababu yake.
4. Je, Eastman angepoteza nini kama angeendelea kuuza mabamba mabovu mwaka 1882? Jadilianeni darasani.