Griffin: Mwasisi wa Starehe aliyewapa yatima elimu na ufundi

Mwishoni mwa miaka ya 1950, vichochoro vya Nairobi vilijaa watoto wasio na pa kulala. Wengi wao walikuwa wamepoteza wazazi, ama jamaa zao walikuwa kizuizini kufuatia vita vya Mau Mau. Waliishi kwa kuombaomba na kuokota mabaki ya chakula, na wengi katika jamii waliwaona kuwa wahalifu wa kesho. Geoffrey William Griffin aliwaona kwa jicho tofauti.

Marehemu Griffin alizaliwa mjini Eldoret mnamo Juni 13, 1933, katika familia ya Kizungu. Alisomea Kitale, kisha Nairobi, na baada ya shule akajiunga na idara ya upimaji ardhi. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mnamo 1952, aliingia katika kikosi cha King's African Rifles. Yale aliyoyashuhudia huko hayakumridhisha, na hatimaye aliacha jeshi.

Hatua yake iliyofuata ndiyo iliyobadilisha maisha yake. Katika kambi ya Manyani walizuiliwa vijana wengi wadogo pamoja na watu wazima. Vijana hao walitengwa na kupelekwa Wamumu, ambako Griffin alishiriki kuwafunza masomo na kazi za mikono, ili watokapo wawe na namna ya kujikimu. Wamumu ilibaki kuwa kambi ya wafungwa wa ukoloni, na hilo halifichiki. Hata hivyo, humo Griffin alipata funzo ambalo hakulisahau: kijana aliyekosa njia hahitaji kiboko tu, anahitaji mtu wa kumwamini na ujuzi wa kumpatia riziki.

Mnamo Novemba 14, 1959, alianzisha kituo cha Starehe akishirikiana na Geoffrey Gatama Geturo na Joseph Gikubu. Gikubu mwenyewe alikuwa ameonja machungu ya kizuizini. Hivyo, aliyekuwa mwanajeshi wa serikali na aliyekuwa mfungwa wake walisimama bega kwa bega kuwalea watoto wa vita hivyo. Mali yao ya kwanza ilikuwa vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP.

Haba na haba hujaza kibaba. Wafadhili wa nchini na wa ng'ambo, likiwemo shirika la Save the Children, walijitokeza kuwalipia watoto chakula, sare na karo. Kituo kilikua kikawa shule ya msingi, ya upili na chuo cha ufundi. Walioweza kulipa walilipa. Wengi waliokuwa fukara walisoma bila malipo. Kwa utaratibu huo, yatima wa Ekerenyo au wa Turkana aliweza kuketi dawati moja na mwana wa waziri, wakavaa sare ileile na kufanya usafi kwa zamu.

Baada ya uhuru, serikali mpya ilimkabidhi Griffin jukumu jingine. Mnamo 1964 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, wadhifa alioushikilia hadi 1988. Humo vijana wasio na ajira walijenga barabara huku wakijifunza nidhamu na ufundi. Katika miaka hiyo yote hakuiacha Starehe, ambayo aliendelea kuiongoza.

Griffin hakuoa wala hakuacha watoto wake wa kuzaa. Mapema mwaka wa 2005 aliishi kushuhudia kufunguliwa kwa kituo cha wasichana cha Starehe. Lakini afya yake ilikuwa imedhoofika, na mnamo Juni 28 mwaka huo alifariki kutokana na saratani, akiwa na umri wa miaka 72. Alizikwa katika uwanja wa shule aliyoianzisha.

Maelfu ya wavulana waliopitia mikononi mwake walikuja kuwa madaktari, wahandisi, mafundi na viongozi. Kati yao wamo ambao, bila vile vibanda viwili, huenda wangeteketea vichochoroni. Mzigo aliouacha ni mzito: Starehe haiwezi kudumu bila watu walio tayari kutoa. Mtoto fukara ataendelea kubisha hodi, na jibu la lango hilo litategemea ukarimu wa walio hai.