Nahodha Mulzac: Leseni mkononi, kazi jikoni

KATIKA taaluma ya ubaharia, ngazi ya vyeo huwa bayana. Mtu huanza kama baharia wa kawaida, akafanya mitihani, akawa afisa na hatimaye nahodha. Hata hivyo, maisha ya Hugh Mulzac yanadhihirisha kwamba mtu aweza kuipanda ngazi hiyo kwa jasho lake, kisha akazuiwa kwenye kipago cha mwisho.

Mulzac alizaliwa Machi 26, 1886 katika kisiwa cha Union, Saint Vincent na Grenadini, eneo la Karibea. Alianza kusafiri baharini angali kijana, akasomea taaluma hiyo mjini Swansea, Wales, alikopata cheti cha afisa wa meli. Mnamo 1911 alihamia Marekani, na 1918 akapata uraia wa nchi hiyo. Kufikia 1920, alikuwa amefaulu mtihani na kukabidhiwa leseni ya unahodha.

Kisheria, leseni hiyo ilimruhusu kuongoza meli. Lakini wenye meli hawakuwa tayari kumwona mtu mweusi akiwaamrisha mabaharia wazungu. Tumaini lilichomoza alipoteuliwa afisa mkuu katika meli ya Yarmouth, mali ya kampuni ya Black Star Line iliyoasisiwa na Marcus Garvey. Kampuni hiyo haikudumu. Mulzac aliiacha 1921, nayo ikasambaratika mwaka uliofuata.

Kwa takriban miongo miwili iliyofuata, msomi huyo wa bahari alipata riziki yake hasa katika majiko ya meli, akiwapikia na kuwaandalia chakula maafisa ambao baadhi yao hawakumzidi kwa elimu wala tajriba.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyofungua mlango. Marekani ilihitaji manahodha kwa dharura, huku Wamarekani weusi na watetezi wao wakishinikiza ubaguzi ukomeshwe. Mnamo 1942, akiwa na umri wa miaka 56, Mulzac alipewa meli ya mizigo ya Booker T. Washington, iliyopewa jina la msomi mashuhuri aliyezaliwa utumwani.

Awali alitakiwa kuongoza mabaharia weusi pekee. Alikataa katakata, ijapokuwa alijua huenda nafasi hiyo isingerudi tena. Wakuu walisalimu amri, naye akang'oa nanga na mabaharia wa rangi na mataifa mbalimbali. Meli hiyo ilifanya safari 22 za kwenda na kurudi, ikasafirisha wanajeshi wapatao 18,000.

Vita vilipokwisha, mlango ulifungwa tena. Hakupewa meli nyingine, na katika miaka ya msako wa waliodhaniwa kuwa wakomunisti, alinyang'anywa kibali cha kufanya kazi baharini. Alielekea mahakamani, na mnamo 1960 jaji akaamuru arejeshewe hati zake. Akiwa na umri wa miaka 74, alirudi kazini kama afisa wa zamu ya usiku.

Mulzac aliaga dunia mnamo Januari 1971. Maisha yake ni funzo kwa kijana anayeazimia kuwa nahodha na vilevile kwa mwajiri wake: elimu humwandaa baharia kwa usukani, lakini mwenye meli ndiye huamua nani ataushika.