François Xavier Tourte: Fundi wa Uta Asiyejua Kuandika

Kila apigaye fidla, awe Paris, Zanzibar au Lodwar, hushika mkononi uta ambao umbo lake lilikamilishwa na Mfaransa mmoja wa karne ya 18, François Xavier Tourte. Kwa mujibu wa waliosimulia maisha yake, fundi huyu hakujua kusoma wala kuandika.

Tourte alizaliwa Paris katika miaka ya 1740. Baba yake alikuwa fundi wa nyuta, na kaka yake Léonard alirithi kazi hiyo. Yeye alipelekwa kwanza kujifunza ufundi wa saa, akaufanya kwa takriban miaka minane. Kipato kilipokuwa haba aliurudia ufundi wa nyumbani, akiwa na jicho na mkono vilivyozoea vipimo vidogo kabisa.

Mpiga fidla Mwitalia, Giovanni Battista Viotti, aliwasili Paris mwaka 1782, na inaaminika kuwa wawili hao walishauriana. Tourte aliupa uta wa fidla urefu wa sentimita 74 hadi 75. Aliupinda ufito kwa moto badala ya kuuchonga ukiwa umepinda, ili nyuzi za mti zisikatike. Aliteua mti wa pernambuko kutoka Brazil, uliokuwa ukiletwa Ulaya kwa ajili ya rangi. Anasifiwa pia kwa kutumia pete ya metali inayozitandaza singa za mkia wa farasi zikawa utepe bapa. Inasimuliwa kwamba uta wenye kasoro aliuvunja asiuuze, na kwamba binti yake ndiye aliyemchagulia singa, mmoja mmoja.

Uteuzi huo ulikuwa na sababu. Uta hubeba singa zipatazo 150 hadi 200, na ule ulio mwembamba au wenye kifundo huharibu sauti. Aidha, ufito waweza kuishi karne mbili ilhali singa huchakaa, hukatika na kupoteza mshiko. Kwa hiyo fundi huzitoa, akafunga fungu jipya kwa uzi, akalichana, kisha akalibana kwa vipande vidogo vya mti kwenye ncha zote mbili. Mpigaji naye hupaka utomvu mkavu wa msonobari, hujihadhari asiziguse singa kwa vidole vyenye mafuta, na hulegeza uta kila amalizapo kupiga.

Sharti hilo la mwisho lina uzito zaidi katika nchi kavu. Singa hurefuka penye unyevu na kufupika penye ukavu. Lodwar na Kakuma, ambako joto la mchana hufikia nyuzi 35 na zaidi, uta ulioachwa umekazwa huvutwa na singa zake wenyewe hadi ufito ukapinda au kichwa kikavunjika. Hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa tangu mwaka 2007 biashara ya kimataifa ya pernambuko inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Tourte alifariki mwezi Aprili 1835, akiwa ameacha nyuta nyingi zisizo na jina lake. Habari zake zilihifadhiwa na wengine, hasa mwanahistoria wa muziki François-Joseph Fétis, aliyezichapisha mwaka 1856 kwa msaada wa fundi Jean-Baptiste Vuillaume. Bila kalamu ya Fétis, saa, moto na binti mchagua singa vingalisahauliwa.

Hapo ndipo maisha yake yanapowagusa wanafunzi wa Kiswahili. Miongoni mwa waliofika Kakuma tangu kambi ianzishwe mwaka 1992 wamo Waethiopia, ambao kwao kuna masinko, ala ya uzi mmoja ipigwayo kwa uta wa singa. Waturkana nao wana wachongaji wa ekicholong, kigoda ambacho pia ni mto wa kulalia. Ujuzi wa namna hiyo hukaa mikononi na vinywani mwa wenyewe. Mwenye mkono akiondoka kabla ya mwenye kalamu kufika, huondoka nao.