Wilma Rudolph: Mguu uliokandwa mara nne kwa siku

Umeumia goti kwenye mechi ya mtaani, ukaenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, akakuonyesha mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku. Huwa unayafanya kwa siku ngapi? Sema ukweli. Maumivu yakipungua kidogo tu, wengi wetu tushapona, tushasahau. Basi kaa hapo nikupe stori ya binti mmoja ambaye familia yake haikusahau.

Wilma Rudolph alizaliwa tarehe 23 Juni 1940 jimboni Tennessee, Marekani. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, uzani wake kilo mbili hivi. Baba yake alikuwa na watoto 22 kutoka ndoa mbili, Wilma akiwa wa 20. Mzee alibeba mizigo ya abiria kwenye reli, mama naye akifanya kazi kwa nyumba za Wazungu, kwa hivyo usidhani hapo kulikuwa na pesa. Utotoni nimonia ilimpiga, homa ya skaleti ikampiga, halafu alipokuwa na miaka kama minne au mitano ikaja polio.

Polio hushambulia neva zinazoipa misuli amri. Misuli isipopata amri hulala, ikilala hukonda, na kiungo huanza kukaza na kupinda. Ndivyo ulivyokuwa mguu wa kushoto wa Wilma. Akafungwa chuma cha kuunyoosha.

Mjini kwao Clarksville, matibabu kwa watu Weusi yalikuwa haba. Mama yake, Blanche, akawa anampeleka Nashville, kilomita 80 hivi kwenda, kwenye hospitali ya Chuo cha Udaktari cha Meharry, kilichofunza madaktari Weusi. Walikwenda kwa basi, tena kwa viti vya nyuma, maana sheria za ubaguzi ndizo zilisema hivyo. Kila wiki, kwa karibu miaka miwili. Wewe ukiambiwa urudi kliniki wiki ijayo unalia nauli, sivyo?

Lakini kwa maoni yangu kazi yenyewe haikufanyika Nashville. Ilifanyika nyumbani. Blanche alifundishwa namna ya kuukanda ule mguu, naye akawafundisha ndugu zake Wilma wakubwa. Wakagawana zamu. Mara nne kwa siku, kila siku, kuna mtu aliyekaa chini akakanda mguu wa mtoto. Hebu fikiria nyumba yenye watu wengi hivyo, watu wametoka kazini wamechoka, na bado mguu unangoja. Na jua kwamba kukanda hakufufui neva iliyokufa, usidanganywe na mtu. Kinachosaidia ni kwamba kiungo kinachonyooshwa hakikazi, na misuli iliyobaki hai ikitumiwa hupata nguvu ya kubeba na sehemu ya ile iliyolala. Ni kazi ya polepole. Haina picha ya kupost.

Alipokuwa na miaka kama tisa chuma kikatoka, akavaa kiatu maalum. Kufikia miaka 12 alikuwa anatembea bila msaada wowote, na huko uani kaka zake walikuwa wanacheza mpira wa vikapu. Akaingia.

Shuleni alicheza vikapu hadi akaonwa na Ed Temple, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Tennessee State. Mwaka 1956, akiwa na miaka 16, akaleta shaba kutoka Olimpiki za Melbourne katika mita 100 kwa vijiti vinne. Ndizo Olimpiki za kwanza Kenya kushiriki. Mwaka 1958 akapata mtoto wa kike, familia ikamsaidia kulea, akarudi uwanjani.

Roma, 1960, hapo ndipo maze! Aliteguka kifundo cha mguu muda mfupi kabla ya mashindano, na bado akashinda mita 100 kwa sekunde 11.0. Haikuandikwa rekodi ya dunia kwa sababu upepo ulikuwa umemsukuma kupita kiwango. Akashinda mita 200. Kwenye vijiti, wenzake wote watatu walikuwa wa chuo chake, kijiti nusura kianguke mkononi mwake akikipokea, akabaki nyuma, akawafukuza, akawapita. Dhahabu tatu. Kabla yake, hakuna mwanamke Mmarekani aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kwenye riadha katika Olimpiki moja.

Clarksville ikataka kumwandalia gwaride. Wilma akakataa Wazungu na Weusi kutenganishwa. Wakubwa wakakubali, na tarehe 4 Oktoba 1960 mji huo ukasherehekea pamoja kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1962, akiwa na miaka 22 tu, akaacha mbio. Mwaka uliofuata akamaliza digrii yake ya ualimu. Mimi niliyeachia chuo njiani, hapo nampa heko mara mbili. Akafundisha, akawa kocha, na mwaka 1981 akaanzisha wakfu wa kuwasaidia vijana kupitia michezo. Saratani ya ubongo ilimuua tarehe 12 Novemba 1994, akiwa na miaka 54.

Clarksville siku hizi ina barabara kubwa yenye jina lake. Wale ndugu waliokanda mguu hawana.