King Camp Gillette

King Camp Gillette (Fond du Lac, Wisconsin, 5 Januari 1855 – Los Angeles, California, 9 Julai 1932) alikuwa mfanyabiashara, mvumbuzi na mwandishi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni wembe mwembamba wa feleji wenye makali pande mbili, ambao hubanwa kwenye kifaa chenye mpini na kutupwa ukishakuwa butu. Kifaa hicho huitwa wembe wa usalama kwa sababu kina kinga inayoacha makali yajitokeze kidogo tu, hivyo si rahisi kujikata kwa kina.

Pamoja na kutajirika kwa biashara, Gillette alipinga ushindani wa kibiashara maisha yake yote. Aliandika vitabu akipendekeza viwanda vyote viunganishwe na kumilikiwa na wananchi wote.

Maisha ya awali

Gillette alizaliwa Wisconsin, lakini alikulia katika jiji la Chicago. Baba yake alikuwa mtu wa kubuni vitu, na mama yake, Fanny Lemira Camp, alijulikana baadaye kama mmoja wa waandishi wa kitabu cha mapishi kilichotolewa mwaka 1887 na kununuliwa na watu wengi. Mwaka 1871 moto mkubwa wa Chicago uliteketeza mali ya familia hiyo. Kijana Gillette alilazimika kujitafutia riziki, akawa mwuzaji wa kusafiri, akizunguka mji hadi mji na bidhaa za makampuni mbalimbali. Wakati huohuo alijaribu kuboresha vifaa alivyoviuza na kupata hataza kadhaa, ila hazikumletea fedha nyingi.

Mwaka 1890 alimwoa Atlanta Gaines. Walipata mtoto mmoja wa kiume.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alifanya kazi katika kampuni ya William Painter wa Baltimore, aliyebuni kifuniko cha bati cha chupa ambacho mpaka leo hutumika kwenye soda na bia. Kifuniko hicho hung'olewa mara moja na kutupwa, kisha kiwanda huuza kingine. Painter alimshauri Gillette atafute naye kitu cha aina hiyo, ambacho mnunuzi hukitumia, hukitupa, na kurudi dukani. Kwa miaka kadhaa Gillette alilifikiria shauri hilo bila mafanikio.

Kubuni wembe

Wakati huo wanaume wengi walinyolewa na kinyozi au walitumia wembe mrefu wa kukunja. Wembe huo ulipitishwa kwenye ukanda wa ngozi kila kabla ya kunyoa, na mara kwa mara ulihitaji kunolewa na fundi. Vifaa vyenye kinga vilikuwapo tayari. Kwa mfano, ndugu wa familia ya Kampfe waliviuza mjini New York tangu miaka ya 1880. Lakini wembe wao ulikuwa kipande kinene cha feleji ambacho bado kilihitaji kunolewa.

Asubuhi moja ya mwaka 1895, akiwa nyumbani kwake Brookline karibu na Boston, Gillette alikuta wembe wake umekuwa butu kiasi kwamba ukanda haukusaidia tena. Hapo ndipo alipoona kwamba kinachohitajika kwa kunyoa ni makali tu, na kwamba unene wote wa chuma ulikuwepo kwa ajili ya kuyashikilia na kuyanoa upya. Kama kipande chembamba cha feleji kingepata makali pande zote mbili na kubanwa na kifaa kingine, kingeweza kuuzwa kwa bei ndogo na kutupwa bila kunolewa kamwe. Alinunua shaba njano, utepe wa feleji wa kutengenezea springi za saa, jiliwa ndogo na tupa, akaanza kutengeneza mfano wa kwanza.

Ubunifu wake ulitegemea ushirikiano wa sehemu tatu: kifuniko cha juu kilichopinda, wembe katikati, na kinga yenye meno kama chanuo chini yake. Mpini ukizungushwa, kifuniko huukandamiza wembe juu ya kinga na kuupinda kidogo. Kwa njia hiyo kipande kinacholegea kama karatasi nene hupata ugumu wa kukata nywele bila kutetemeka. Umbali kati ya makali na kinga ulipaswa kuwa sahihi sana: ukizidi, ngozi hukatwa, ukipungua, ndevu hazikatiki.

Ugumu mkubwa ulikuwa katika feleji yenyewe. Kipande chembamba kilipochomwa ili kiwe kigumu kilijikunja au kupasuka. Gillette aliwauliza wataalamu wa metali, wakiwemo wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, na jibu lilikuwa kwamba haiwezekani. Aliendelea na majaribio kwa takriban miaka sita.

Aliyetatua tatizo hilo ni William Nickerson, mhandisi aliyekuwa amesoma katika taasisi hiyohiyo. Kuanzia mwaka 1901 Nickerson alitengeneza njia ya kuukaza wembe mwembamba kwa joto bila kuuharibu, pamoja na mashine za kuunoa kiwandani. Bila kazi yake, wazo la Gillette lingebaki mfano wa mezani.

Kampuni

Kampuni ilianzishwa Boston mwaka 1901 na mwaka uliofuata ikapewa jina la Gillette. Ilikaribia kufilisika kabla ya kuuza chochote, mpaka ilipookolewa na fedha za mwekezaji John Joyce. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, iliuza vifaa 51 na nyembe 168 tu. Mwaka 1904 iliuza vifaa zaidi ya 90,000. Tarehe 15 Novemba mwaka huo Gillette alipata hataza ya Marekani.

Mara nyingi husemwa kwamba Gillette aligawa vifaa kwa bei ya chini ili apate faida kwenye nyembe. Katika miaka ya hataza haikuwa hivyo. Kifaa kiliuzwa dola 5, bei kubwa kwa mfanyakazi wa kawaida wa wakati huo, ilhali washindani waliuza vyao kwa bei ndogo zaidi. Kampuni ilianza kuuza kifaa chake cha aina ya zamani kwa bei nafuu mwaka 1921, hataza ilipokwisha na wengine kuruhusiwa kuiga.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilieneza wembe huo kuliko tangazo lolote. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza vifaa milioni 3.5 na nyembe milioni 36 kwa ajili ya wanajeshi wake. Wengi wao walirudi nyumbani wakiwa na mazoea ya kujinyoa wenyewe.

Picha ya Gillette ilichapishwa kwenye karatasi ya kufungia kila wembe, hivyo uso wake ulijulikana katika nchi nyingi. Hata hivyo, kwa muda mrefu hakuwa mwenye madaraka halisi. Baada ya mvutano na Joyce, aliuza sehemu kubwa ya hisa zake takriban mwaka 1910, akabaki na cheo cha rais wa kampuni hadi mwaka 1931.

Mawazo ya kijamii

Mwaka 1894, mwaka mmoja kabla ya kupata wazo la wembe, Gillette alitoa kitabu kiitwacho The Human Drift. Humo alidai kuwa ushindani ndio chanzo cha umaskini, uhalifu na upotevu wa mali. Alipendekeza kampuni moja ya wananchi wote izalishe mahitaji yote, na Wamarekani wengi wahamie katika jiji moja kubwa liitwalo Metropolis, litakalopata umeme kutoka maporomoko ya Niagara.

Utajiri haukubadili msimamo wake. Mwaka 1910 alimwomba rais wa zamani Theodore Roosevelt aongoze kampuni ya dunia nzima kwa malipo ya dola milioni moja, lakini Roosevelt alikataa. Mwaka 1924 alitoa kitabu kingine, The People's Corporation, kwa msaada wa mwandishi Upton Sinclair. Mipango hiyo haikutekelezwa. Mtu aliyetaka kufuta ushindani alikumbukwa kwa bidhaa iliyofanikiwa kwa hataza, matangazo na ushindani.

Miaka ya mwisho

Gillette alihamia California, na mwishoni mwa miaka ya 1920 alijengewa nyumba kubwa huko Calabasas na msanifu Wallace Neff. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipunguza sana mali yake. Mwaka 1930 kampuni iliungana na mshindani wake AutoStrop baada ya mgogoro wa hataza, na ikabainika kuwa hesabu za faida zilikuwa zimezidishwa. Thamani ya hisa ilishuka. Gillette alifariki mwaka 1932 akiwa na umri wa miaka 77. Shamba lake la Calabasas sasa ni bustani ya umma.

Urithi

Kifaa cha Gillette kilibuniwa kwa wembe mmoja tu. Kampuni iliyobaki na jina lake ilianza kuuza kichwa chenye nyembe mbili mwaka 1971, chenye tatu mwaka 1998, na chenye tano mwaka 2006. Watumiaji wengine wa kifaa cha zamani hujaribu kupata matokeo kama hayo kwa kupachika nyembe mbili pamoja. Lakini zikibandikwa moja juu ya nyingine, makali yake hukaa karibu mahali pamoja badala ya kufuatana kwa nafasi, na unene wa ziada hubadilisha pengo lililopimwa kati ya makali na kinga.

Katika Afrika Mashariki wembe wa makali pande mbili bado huuzwa madukani mmojammoja. Mafundi cherehani huutumia kufumua mishono, wanafunzi huchongea penseli, na wengi wanaoutumia hawajawahi kumiliki kifaa ambacho uliundwa kwa ajili yake.