Joginder Singh: Simba wa Safari aliyejua kuihurumia gari

DEREVA aliyewahi kukwama katika udongo mweusi wa Kinakomba, Kaunti ya Tana River, wakati wa masika anaijua vyema harufu ya klachi inayoungua. Kifaa ambacho kingedumu miaka mingi huweza kuteketea kwa alasiri moja.

Ndiyo maana swali la klachi ya kiwandani hudumu kwa muda gani katika gari kuukuu la mbio halijibiwi kwa kalenda. Jibu limo katika mguu wa dereva, na ni wachache waliolithibitisha hilo kama marehemu Joginder Singh, almaarufu Simba wa Kenya.

Klachi ni sahani inayoshikana na gurudumu zito la injini ili kupeleka nguvu kwenye gia. Inaposhikana barabara haichakai. Huchakaa inapoteleza: dereva anapoondoka kwa pupa, anapouacha mguu juu ya pedali, au anapolilazimisha gari lililozama matopeni. Mikononi mwa mwangalifu, huweza kupita kilomita 100,000. Mwenye papara hafiki hata nusu.

Joginder alizaliwa Kericho mnamo Februari 9, 1932, mwana wa fundi wa magari aliyehamia Kenya kutoka Punjab. Alijifunza ufundi katika gereji ya babake kabla ya kuajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akizunguka barabarani kuwaauni madereva walioharibikiwa. Hivyo, aliyajua magari kwa kuyafungua kabla ya kuyakimbiza.

Mashindano ya Safari yalikuwa yameanza mwaka wa 1953, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa takriban kilomita 5,000 za vumbi, mawe na matope. Joginder alijitosa humo mwaka wa 1959. Ukali wa mashindano hayo ulidhihirika mwaka wa 1963, ambapo kati ya magari 84 yaliyoanza ni saba pekee yaliyomaliza, lake likiwa miongoni mwayo.

Mtihani mkubwa ulimjia mwaka wa 1965. Timu za viwanda zilileta magari mapya, ilhali yeye na nduguye Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia. Lilikuwa gari la mkono wa pili, lenye majeraha ya safari ngumu.

Gari hilo lingekatika kifaa kimoja tu, klachi au kingine, ndoto yao ingeishia porini. Halikukatika. Ndugu hao walishinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu.

Mnamo 1974 alikabiliana na Björn Waldegård wa Uswidi, aliyeendesha Porsche 911, gari la mbio lenye nguvu kuliko Mitsubishi Lancer ya Joginder yenye injini ya sentimita za ujazo 1,600. Porsche ilikuwa na kasi zaidi, lakini Lancer ndiyo iliyotangulia mwishoni. Mwaka wa 1976 alishinda tena kwa Lancer, akawa mtu wa kwanza kutwaa taji la Safari mara tatu.

Hata hivyo, hesabu inayomweleza vyema zaidi si ya mataji. Kufikia mwaka wa 1980 alikuwa ameshiriki Safari mara 22, akamaliza mara 19, katika mashindano ambayo magari mengi yalikuwa yakibaki njiani.

Joginder alifariki jijini London mnamo Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Kwa dereva anayekabili matope ya Tana na gari la zamani, funzo lake lingalipo: klachi humlipa anayeiachia kwa upole, na humwadhibu mwenye pupa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.