Mpishi aliyefanya jiko kuwa mahali pa ibada

Si wengi huku kwetu wanaolijua jina la Nicolas Herman, lakini miongoni mwa Wakristo wa Ulaya limedumu kwa zaidi ya miaka 300. La ajabu ni kwamba hakuwa kasisi, wala mwanachuoni, wala mhubiri. Alikuwa mpishi.

Herman alizaliwa katika mwaka wa 1614 kijijini Hériménil, katika nchi ya Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa mafukara na elimu yake ilikuwa haba. Alipokuwa na umri wa miaka 18, siku moja ya baridi aliuona mti uliopukutika majani yote. Akawaza kwamba baada ya muda majani yatachipua, kisha maua, kisha matunda. Wazo hilo lilimtia moyoni kicho cha uwezo wa Mungu, nacho hakikumtoka tena.

Zama hizo Ulaya ilikuwa imo katika Vita vya Miaka Thelathini, naye akawa askari. Katika mwaka wa 1635 alijeruhiwa mguu huko Rambervillers, akawa kiguru maisha yake yote. Baadaye alifanya kazi ya utumishi kwa bwana mmoja mkubwa, na kwa kukiri kwake mwenyewe, kila alichokishika alikivunja.

Mwaka wa 1640 aliingia katika nyumba ya watawa wa Karmeli mjini Paris, akapewa jina la Ndugu Laurent. Kwa kuwa hakuwa msomi, alipelekwa jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda hata kidogo. Aliifanya kwa muda wa miaka 15.

Huko ndiko mtihani wake ulikoanza. Kwa miaka kama 10 hakuuonja utamu wa ibada. Alisali huku moyo mkavu, madhambi yake ya kale yakimsumbua, na kwa miaka minne aliyakinisha kuwa ataingia motoni. Mwingine angalikata tamaa. Yeye aliazimia kwamba, liwalo na liwe, kila alifanyalo atalifanya kwa kumpenda Mungu tu, bila ya kungojea malipo. Baada ya muda mrefu, utulivu ulimjia kwa ghafla, wala haukumwacha tena.

Tangu hapo hakuona tofauti baina ya saa ya sala na saa ya kazi. Akigeuza yai kikaangoni, alilifanya hilo kwa ajili ya Mola wake. Fikira zikimpotea, hakujilaumu sana. Alizirudisha taratibu, akaendelea. Aliwahi kutumwa Burgundy kununua mvinyo wa watawa, na kwa ule ulemavu wake hakuweza kwenda chomboni ila kwa kujibiringisha juu ya mapipa. Kazi hiyo nayo aliikabidhi kwa Mungu, ikafanyika vyema.

Alipozeeka akahamishiwa kazi ya kushona makubadhi. Watu wenye vyeo na elimu wakawa wanamwendea kutaka nasaha. Mmoja wao, kasisi Joseph de Beaufort, alianza kuzungumza naye mwaka wa 1666, akayaandika aliyoyasikia. Ndugu Laurent alifariki tarehe 12 Februari, 1691. Mazungumzo hayo pamoja na barua zake chache vilichapishwa baada ya kifo chake, na hata Waprotestanti, waliokuwa wakihitilafiana sana na Wakatoliki, wakavipokea. John Wesley wa Uingereza alivitia katika mkusanyo wa vitabu alivyowachagulia wafuasi wake.

Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa maana ya nia wala ubaya wa ria. Dini ya mtu huyu ni nyingine, lakini swali lililomkabili kwa miaka 10 ni letu sote: je, mja akiabudu na asione raha yoyote, ataendelea? Mpishi huyu kiguru aliendelea, na masufuria yake yakawa mashahidi wake.